Babu Alikuwa Keya? Mfuate kwa Karatasi za Fedha

Kama kwenu husemwa kwamba babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, kwamba alipigana na Mtaliano kule Habeshi au alifika Bama (Burma), usianze kumtafuta kwenye vitabu vya vita. Vitabu hivyo viliandikwa na maofisa, na humo askari wa kawaida huhesabiwa tu: kombania hii ilipoteza kumi, ile ishirini. Anzia kwenye fedha. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja kubwa ya kumkumbuka mtu mweusi aliyeibebea bunduki, lakini hazina yake iliilinda kwa jicho kali, na kila shilingi iliyotoka ilidai karatasi. Karatasi iliandikwa jina, namba ya jeshi, jina la baba, jumbe au chifu, kijiji na wilaya. Hayo ndiyo unayoyataka.

Tena aliyenyimwa haki yake ameacha maandishi mengi kuliko aliyelipwa. Aliyelipwa aliweka dole gumba kwenye daftari akaenda zake. Aliyenyimwa aliandikiwa barua na karani wa boma, boma likaandikia makao makuu, makao makuu yakarudisha maswali, mjane akaitwa kuhojiwa, jumbe akaitwa kuthibitisha ndoa na watoto. Jalada la namna hiyo, likiwa limesalimika na mchwa, lina ukoo mzima ndani yake. Kwa hiyo ukisikia kwenu kwamba babu "alidhulumiwa fedha zake", usinung'unike tu. Hiyo ndiyo dalili bora ya kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Fedha za aina gani

Usitafute pensheni peke yake. Wengi waliopigana Vita vya Pili hawakupata pensheni kabisa. Waliandikishwa kwa muda wa vita, na vita vilipokwisha walipewa kiinua mgongo cha mara moja, cheti cha kuacha jeshi, na usafiri wa kurudi makwao. Pensheni yenyewe ilikuwa ya wachache: askari wa kudumu waliotumikia miaka mingi, pamoja na baadhi ya waliopata ulemavu. Mtu anayeomba hifadhi ya nyaraka "jalada la pensheni la babu yangu" huku babu aliandikishwa 1941 na kuachishwa 1946 atajibiwa kwamba hakuna, na jibu litakuwa la kweli, lakini si kwa sababu babu hakuwa askari.

Kiinua mgongo kilihesabiwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi, na kwa rangi. Mwaka 2019 kituo cha Al Jazeera kilitoa hadharani waraka wa zamani wa jeshi la Uingereza ulioonyesha viwango hivyo: mzungu alipewa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Uchungu wa jambo hilo ni dhahiri. Lakini kwa mtafutaji, malipo yanayofuata viwango yana faida yake. Ukikuta kiasi alichopewa babu na cheo chake, unaweza kurudi nyuma na kukadiria ametumikia muda gani, hata kama tarehe ya kuandikishwa imepotea.

Halafu kuna fedha za nyumbani. Katika Vita vya Pili askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa kwa mkewe au mzazi wake kupitia boma la wilaya. Hapa ndipo penye utajiri, na watafutaji wengi hupapita. Mke alilazimika kufika bomani na kuthibitisha kwamba ni mke. Ikiwa wake walikuwa wawili, palikuwa na maneno. Ikiwa baba mkwe alidai kwamba mahari haijaisha, palikuwa na maneno zaidi, na Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, aliyaandika. Mafaili ya wilaya ya miaka ya 1940 yana mashauri ya namna hii, na mengi hayakuwekwa chini ya kichwa cha habari cha kijeshi. Yamo katika mambo ya ndoa, mambo ya machifu, au mawasiliano ya kawaida tu ya ofisi.

Kwa wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo (Carrier Corps), tafuta malimbikizo ya mishahara. Mkuu wao, Oscar Watkins, aliandika taarifa ndefu ya kazi ya idara yake baada ya vita, na kwa miaka alipigania mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea bila kuidai. Hazina ya London ilikataa kuitoa. Mabishano hayo yalileta barua kati ya Nairobi, Dar es Salaam, London na wilaya mbalimbali, na maboma yaliulizwa kuhusu watu waliokuwa wakidai. Usitegemee kukuta jina la kila mpagazi. Walikuwa mamia ya maelfu, na wafu wao peke yao hukadiriwa kukaribia laki moja. Lakini kama mzee wa kwenu alirudi hai na akadai, boma lake ni mahali pa kuanzia.

Malipo mengine hayakuwa fedha kabisa. Mfano mkubwa ni Kibera. Askari Wasudani, mababu wa Wanubi wa leo, walikuwa uti wa mgongo wa Keya ya mwanzo, na walipostaafu hawakupewa pensheni ya maana. Walipewa ruhusa ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya jeshi nje kidogo ya Nairobi. Ruhusa ilitolewa kwa hati, na sharti lililojulikana ni miaka 12 ya utumishi. Hati ya shamba ya Kibera, basi, ni karatasi ya pensheni hata kama neno hilo halimo. Jeshi lenyewe lilisimamia eneo hilo hadi mwaka 1928, kisha likalikabidhi kwa utawala wa kiraia, na kuanzia hapo ugomvi wa nani ana haki ya kukaa ulijaza majalada kwa miongo kadhaa. Wanubi walipata hati ya ardhi ya jumuiya, ekari 288, mwaka 2017 tu. Kama ukoo wako una mguu Kibera, au Bombo, makao ya Wanubi kule Uganda, tafuta kwenye mafaili ya ardhi kabla hujagusa ya jeshi.

Kwanza sanduku la bibi

Kabla ya kupanda basi kwenda hifadhi yoyote, maliza nyumbani. Kuna vitu vitatu vya kuulizia: nishani, cheti cha kuacha jeshi, na kipande.

Nishani za Vita vya Kwanza zilipigwa chapa kwenye ukingo. Chukua kitambaa laini, geuza nishani kwenye mwanga, usome kwa kuzungusha: utakuta namba, cheo, jina na kikosi. Tafadhali usiisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia, maana herufi hizo ni nyembamba na zimeshavumilia miaka mia. Nishani za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, kwa hiyo hazikwambii mtu, ila zinakwambia safari. Nyota ya Afrika ilitolewa pia kwa waliopigana Habeshi na Somalia kati ya Juni 1940 na Novemba 1941. Nyota ya Burma inajieleza. Ukikuta nishani ya utumishi Afrika yenye kibao cha fedha kilichoandikwa Kenya juu ya utepe, mzee alikuwa jeshini au polisi wakati wa Mau Mau, na hilo huenda ndilo lililomfanya anyamaze. Uliza kwa adabu, au usiulize siku hiyo.

Cheti cha kuacha jeshi ndicho kitu cha thamani kuliko vyote, kwa sababu kina namba. Ukiwa na namba ya jeshi unaweza kuwatenganisha akina Juma bin Saidi ishirini. Namba za Vita vya Pili mara nyingi zilitanguliwa na herufi zilizoonyesha koloni au tawi la jeshi. Nakili herufi hizo pamoja na mkwaju (/) wake, usidhani ni mapambo. Piga picha pande zote mbili za karatasi. Nyuma ya vyeti vingi kuna mihuri ya boma, alama ya malipo yaliyotolewa, pengine maoni ya ofisa juu ya tabia ya mtu.

Kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ni cha upande wa Kenya zaidi. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na mwanamume alitakiwa kukibeba kila aendako. Si hati ya kijeshi, lakini kina alama za vidole, jina la chifu, na orodha ya waajiri. Pengo la miaka mitano kati ya mwajiri mmoja na mwingine, kuanzia 1940, lina maana yake.

Kisha kaa na wazee. Hapa watu hukosea swali. Ukimwuliza bibi, "Babu alipigana wapi?", atakujibu "Huko kwa Mjapani," na mazungumzo yatakufa. Yeye hakuwapo huko. Muulize alikokuwapo:

"Shikamoo bibi. Babu alipokuwa vitani, fedha zake mlizipokea wapi?"

"Marahaba. Tulikwenda bomani Kilosa. Mama mkwe ndiye aliyeweka dole, mimi nilikuwa bado mwari."

Mazungumzo haya nimeyatunga, lakini jibu la namna hii litakupa mambo matatu kwa mkupuo: wilaya iliyolipa, jina la nani litafutwe kwenye daftari la malipo, na kwamba ndoa ilikuwa changa au haijakamilika wakati mtu anaondoka. Endelea hivyo hivyo. Aliporudi alikuja na kitu gani? Nani alimwandikia barua zake? Alikuwa na rafiki wa jeshini aliyewahi kuja msibani au harusini? Rafiki huyo alitoka wapi? Askari wenzake wa kombania moja mara nyingi waliandikishwa siku moja, na ukimpata mmoja kwenye karatasi umempata na wa pili karibu yake.

Andika majina yote aliyowahi kuitwa. Vijana walijiandikisha kwa jina la utani, kwa jina la kaka aliyekwisha kuandikishwa, au kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia.

Jeshi lipi hasa?

Watu husema "jeshi la mkoloni" kana kwamba lilikuwa moja. Kwa Tanganyika yalikuwa mawili, na kuna wazee waliotumikia yote mawili.

Jeshi la Mjerumani lilianza mwaka 1889 pale Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani kutoka Cairo na Washangaan kutoka Msumbiji kuja kuipiga pwani. Baadaye Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wakajaza safu. Vita vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea, Waingereza waliwachukua askari waliotekwa na kuwaandikisha upya, na batalioni ya 6 ya Keya ilijengwa kwa kiasi kikubwa na watu hao. Kwa hiyo ukisikia kwamba mzee alipigana "pande zote mbili", usidhani ni porojo za mzee. Tafuta karatasi za Mjerumani hadi 1916 au 1917, kisha za Mwingereza.

Vyeo husaidia kutambua enzi. Akikumbukwa kama ombasha au shaushi, uko kwa Mjerumani au kwenye Keya ya mwanzo. Koplo na sajini ni enzi ya baadaye.

Keya yenyewe ilianzishwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Afrika Mashariki ya Kiingereza. Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 6 baada ya Vita vya Kwanza ikawa ya Tanganyika. Jeshi lilipopanuka katika Vita vya Pili, mara nyingi tarakimu ya mwisho ilibaki kuwa alama ya asili: 26 na 36 ni za Tanganyika, 34 na 44 za Uganda, 22 ya Nyasaland. Ukikuta maandishi 1/6 au 2/6, tarakimu ya kwanza ni ya batalioni na ya pili ni ya kikosi mama. Mjukuu wa Singida anayekuta "Juma wa 44" asishangilie haraka.

Wala si kila aliyevaa sare alikuwa Keya. Maelfu walikuwa katika vikosi vya kazi na upainia, madereva, wahudumu wa hospitali, wapishi, watu wa mizinga na wa simu. Familia huwaita wote Keya, na mtafutaji anayepekua Keya peke yake hukosa nusu ya watu.

Yalipo majalada

Tanzania Bara, pa kuanzia ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kuna mafungu mawili ya kukuhusu. La kwanza ni majalada ya utawala wa Mjerumani, yanayojulikana kwa herufi G, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Yameandikwa kwa Kijerumani, mengi kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa taabu. Tafuta mtu aliyejifunza mwandiko huo. Ndani yake utakutana pia na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa mtu wa pwani aliyepitia chuo cha Kurani, hizo husomeka kwa urahisi kuliko barua za Wajerumani wenyewe, na mara nyingi zina habari za watu zaidi kuliko za sera.

Fungu la pili ni la Mwingereza: mafaili ya sekretarieti, mafaili ya mikoa na wilaya, na vitabu vya wilaya. Hapa ndipo mashauri ya askari wastaafu, madai ya wajane na fedha za nyumbani yalipo. Usiombe kwa jina la babu. Omba orodha ya wilaya yake, miaka 1939 hadi 1950 kwa Vita vya Pili au 1917 hadi 1930 kwa vya Kwanza, usome vichwa vya mafaili kimoja kimoja. Kazi inachosha. Siku ya kwanza hupaswi kutegemea kitu zaidi ya kuelewa makarani walivyopanga mambo yao.

Kenya, hifadhi ya taifa iko katika jengo la zamani la benki, Moi Avenue, Nairobi. Mafaili ya ma-DC (wakuu wa wilaya) na ma-PC (wakuu wa majimbo) yamepangwa vizuri, na taarifa za makabidhiano kati ya DC anayeondoka na anayekuja hueleza wazi mambo yaliyobaki kiporo, yakiwemo madai ya askari. Zanzibar kuna hifadhi ya Kilimani. Kumbuka kwamba visiwa navyo vilikuwa na kikosi chao, batalioni ya 7, mwishoni mwa Vita vya Kwanza. Walio na asili ya Nyasaland waende Zomba. Na kwa wenye wazee waliokuja na Wabelgiji hadi Tabora, iliyotwaliwa Septemba 1916, karatasi za Kongo ziko Brussels, kwa Kifaransa.

Kabla ya kwenda kokote, piga simu uulize ada, utaratibu wa kibali, na kama kamera ya simu inaruhusiwa. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho, penseli na daftari. Kalamu ya wino haipendwi karibu na karatasi za zamani.

Uingereza, hifadhi kuu iko Kew, London, na katalogi yake inasomwa bure kwa simu yako ukiwa Mbagala. Jua mapema kwamba mafaili binafsi ya askari Waafrika hayapo pale kama yalivyo ya Waingereza, na hata ya Waingereza wa Vita vya Kwanza mengi yaliungua kwa mabomu ya mwaka 1940. Cha kutafuta ni mazingira yake. Fungu CO 534 lina mawasiliano ya Keya na Wizara ya Makoloni tangu 1905, humo kukiwa na hoja za mishahara na pensheni. WO 95 ni shajara za vikosi za Vita vya Kwanza, WO 174 za Bukini (Madagaska) mwaka 1942, WO 172 za Bama. FCO 141 ni majalada yaliyohamishwa kimyakimya kutoka makoloni kabla ya uhuru, ambayo yalikubalika kuwapo mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau. Shajara haitamtaja babu, lakini ukijua batalioni na mwezi utajua mto alioufuata na siku aliyopigwa mvua. Kwa ninavyoona, watu hulipia nakala za Kew mapema mno. Subiri hadi uwe na namba ya batalioni. Bila hiyo unanunua karatasi za watu wengine.

Ujerumani ni habari ya pengo. Hifadhi ya jeshi la Prussia kule Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Kilichobaki ni hasa majalada ya wizara ya makoloni, fungu R 1001, katika hifadhi ya taifa huko Berlin, na sehemu yake kubwa inasomeka bure mtandaoni.

Kuhusu fedha za Mjerumani, kuna mtu mmoja anayestahili kutajwa, kwa sababu njia yake inaonyesha jinsi karatasi ya kukataliwa inavyodumu. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana baadaye kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani. Vita vya Kwanza vilimkuta mtoto, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin akiwa mhudumu wa meli, na huko akadai mshahara uliobaki, wake na wa marehemu baba yake. Aliambiwa amechelewa. Alibaki Berlin, akawa mhudumu wa mkahawa na msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Habari za baba yake, ambaye vinginevyo angekuwa askari mmoja tu kati ya maelfu, tunazo kwa sehemu kwa sababu mwanawe aliandika madai na ofisi ikatunza jibu lake la hapana.

Utasikia pia hadithi ya mwaka 1964: kwamba ofisa wa benki kutoka Ujerumani Magharibi alifika Mwanza kuwalipa askari wa zamani, na wale wasio na vyeti wakapewa fagio ili waonyeshe gwaride kwa amri za Kijerumani. Inasimuliwa vizuri na imo vitabuni. Iweke kando kama simulizi hadi uwe na jina na karatasi.

Kusoma kilichoandikwa

Jalada likifika mezani, jihadhari na tahajia. Karani wa Kijerumani aliandika Djuma au Dschuma kwa Juma, na sch palipo na sh. Athumani ni Asmani, Usmani, Osman na Othman katika faili moja. Neno bin huweza kugeuka wa, au kuachwa kabisa. Tafuta kwa sauti: litamke jina jinsi mgeni angelisikia, kisha liandike kwa herufi zake.

Kabila pia usilishike kama msahafu. Mtu wa bara aliyejiandikisha Tabora aliweza kuandikwa Mnyamwezi hata kama kwao ni mbali, na aliyesilimu pwani akaandikwa Mswahili. Jina la jumbe au chifu lina uzito kuliko kabila, kwa kuwa boma lililitumia kumfuatilia mtu. Umri ni makisio ya daktari au ofisa aliyemtazama kijana usoni. Acha nafasi ya miaka mitano kila upande.

Nakili rejea ya jalada kikamilifu, namba ya fungu, namba ya faili na ukurasa, kabla hujapiga picha ya kwanza. Picha mia mbili zisizojulikana zimetoka faili gani hazitakusaidia, wala hazitamsaidia binamu atakayeendelea baada yako.

Kisha usome na magazeti. Mambo Leo ya Tanganyika ilikuwa na barua na mashairi ya wasomaji, na wakati wa Vita vya Pili kamandi ya Afrika Mashariki ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Askari. Majina ya kawaida yamo humo, na vijiji vyao.

Kama hakurudi

Kwa aliyefia Vita vya Pili kazi ni rahisi kidogo. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayosomwa bure mtandaoni, na unaweza kuchuja kwa kikosi, nchi na tarehe. Jaribu tarehe ukikwama kwenye jina. Waliofia katika meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, walikufa wote siku moja, 12 Februari 1944, zaidi ya watu 1,200, wakiwemo mamia wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ukiandika tarehe hiyo, orodha hufunguka. Waliopotea Bama bila kaburi wengi wako kwenye mnara wa Rangoon, wenye majina karibu 27,000.

Vita vya Kwanza ni tofauti. Wafu Waafrika wengi hawakuandikwa kwa majina. Walijengewa sanamu za pamoja Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, basi. Taarifa ya Tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Tangu hapo Tume inatafuta majina, na Kenya yamekutwa majalada ya Keya ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa yameharibiwa.

Ikiwa mzee wako hayumo, unaweza kupeleka jina lake. Tume inataka uthibitisho wa mambo mawili: kwamba alikuwa katika utumishi wa kijeshi, na kwamba alikufa ndani ya tarehe zake, yaani 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921 kwa Vita vya Kwanza, au 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947 kwa vya Pili. Kama aliachishwa jeshi kisha akafa nyumbani ndani ya tarehe hizo, lazima uonyeshe kwamba kilichomuua kilitokana na utumishi. Simulizi ya ukoo peke yake haitoshi, lakini dai la mjane la mwaka 1919 lililo bomani, lenye namba ya mumewe na neno la daktari au la jumbe kwamba alirudi na kuhara damu akafa, linatosha kuanzia mazungumzo. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na muhuri na namba ya faili, andika maelezo mafupi kwa Kiingereza, upeleke nakala. Cheti halisi kibaki nyumbani.